Magharibi Tano Bora, na Anayebisha Tukutane Uwanjani Bukhungu

Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia, kaeni mkao wa kubishana. Michezo ya shule za upili Kenya ina kanda 8, na ya kwetu ndiyo ngumu kuliko zote. Bingwa huenda kitaifa. Aliyetolewa kwa penalti hukunja jezi akarudi kusoma kemia, hata kama angewafunga mabingwa wa kanda nyingine wote.

5. Koyonzo ya Matungu. Raga. Kijana wa Matungu akikujia na mpira kifuani, mpishe. Mengine mtayazungumza akishafunga.

4. Butere Girls. Shule ya tangu 1916, aliyosomea mwandishi Grace Ogot. Siku hizi wasichana wake wanasakata soka kwelikweli. Bado kuna mzee anayedai mpira ni wa wavulana? Mleteni asimame golini dakika kumi tu.

3. Mukumu Girls. Kwa miaka mingi ukitaja voliboli ya shule umetaja Mukumu, na watu wa Lugulu Girls wakisikia hivyo hununa. Nuneni, lakini nanyi mlikuwa moto.

2. Friends School Kamusinga. Waquaker waliianzisha 1957, watu wa amani kabisa. Sasa tazama vijana wao wakishika magongo ya hoki! Wakikutana na St. Anthony's ya Kitale kwenye kitaifa, jirani zetu wa Bonde la Ufa hukosa usingizi. Nasi pia, nasema kweli.

1. Kakamega School, Green Commandos. Musingu, wapinzani wao wa soka, nawasikia mkipiga kelele. Nawapenda, Scorpions, na mchezo wenu wa pasi fupi nausifu popote. Lakini Kakamega ina historia: shule ya 1932, jezi ya kijani, na wachezaji waliofika timu ya taifa, Harambee Stars. Ngoma za isukuti zikianza kulia nyuma ya goli, mgeni husahau hata namba ya jezi yake.

Kinachoniuma ni kwamba Kakamega School na Musingu zote ni za Kaunti ya Kakamega. Huweza kutoana mapema, kabla hata kanda haijaanza, na nusu ya vipaji vyetu vikabaki nyumbani vikisikiliza matokeo redioni. Waandaaji, tupeni nafasi mbili kuanzia kaunti hadi kitaifa. Fainali tutaijaza wenyewe, na ngoma tunakuja nazo.