Vyuo Saba vya Ualimu, Tukihesabu Kutoka Mwisho

Wakutanishe walimu wastaafu wawili, waulize walisomea wapi. Mmoja atasema "Butimba!" kwa kifua mbele. Wa pili atadakia, "Aa, ndiyo maana! Sisi wa Korogwe tulifundishwa kuandika ubaoni mstari ukanyooka." Chai itapoa kabla hawajapatana. Vyuo vyetu vya ualimu vimehamishwa, vimeunganishwa, vimepewa majina mapya, na mapenzi ya waliovisomea yamebaki palepale. Hivi hapa saba, kuanzia cha mwisho kupanda juu.

7. Mtwara Kawaida na Mtwara Ufundi
Mji mmoja, vyuo viwili vya serikali. Ukisema unasomea ualimu Mtwara, swali linalofuata ni moja tu: "Ufundi au Kawaida?" Mimi nawatetea wa Kawaida. Mtu anayeokota vifuniko vya soda, akavipanga mezani kumi kumi, na mtoto wa darasa la kwanza akajua kujumlisha, huyo si wa kawaida hata kidogo.

6. Marangu
Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifungua seminari ya walimu hapa mwaka 1912. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja naye akaondoka, chuo kikaingia mikononi mwa serikali. Wanachuo wa Marangu hawana kisingizio katika jiografia: zana ya kufundishia somo la milima, Kilimanjaro wenyewe, iko nje ya dirisha, haichaniki wala haiazimwi na chuo cha jirani.

5. Kiungani
Hiki ndicho chuo kilichovuka bahari. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikianzisha Unguja katika karne ya 19, na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwamo watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Miaka ya 1920 mafunzo ya ualimu yakahamishiwa Minaki, Kisarawe, na jina la chuo, Mtakatifu Andrea, likahama nayo. Mtoto aliyekuwa apelekwe sokoni kuuzwa alisimama mbele ya darasa akaitwa mwalimu. Hapo utani wangu unanyamaza, navua kofia.

4. Beit el Ras
Sultani Sayyid Said alianza kujenga kasri hapa Unguja mwaka 1847, akafariki mwaka 1856 halijamalizika. Walimu wakapafaidi kuliko wafalme. Baada ya Mapinduzi chuo cha ualimu kilichokuwa hapa kikaitwa Nkrumah, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kwa hiyo ukikutana na mwalimu aliyesomea Beit el Ras, mpishe njia: huyo katoka ikulu.

3. Chang'ombe
Mwaka 2005 sekondari zilikuwa zinaongezeka kwa kasi na walimu wenye shahada hawatoshi. Chuo cha Ualimu Chang'ombe kikageuzwa kuwa DUCE, na shule ya Mkwawa, Iringa, ikawa MUCE, vyote vyuo vishiriki vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliolala na wakufunzi jirani wakaamka na maprofesa! Ulikuwa uamuzi mzuri, nausifu. Ila kila chuo cha ualimu kinapopandishwa hadhi, lazima tuulize: na mwalimu wa chekechea ataandaliwa wapi?

2. Vyuo vikongwe vya mwaka 2016
Mwezi Mei mwaka huo, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Baadaye wengi wakapangiwa vyuo vya ualimu vya serikali, vilevile vya zamani vyenye mabweni ya bati na wakufunzi wanaokagua andalio la somo kwa kalamu nyekundu. Ya kale ni dhahabu, waswahili walishasema. Bibi aliambiwa kazeeka, wajukuu walipokosa pa kulala wakabisha hodi kwake, naye akafungua.

1. Chuo kisicho na geti
Namba moja ni chuo kilichounganishwa na kijiji. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule, na walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakasomea ualimu vijijini: wanafundisha saa kadhaa, kisha wanageuka wanafunzi, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na waratibu waliowafuata. Makumi ya maelfu walipatikana hivyo. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa UPE kwa kifupi cha Kiingereza, na watani wakautafsiri kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani mtamu, lakini wengi walioutoa walijifunza kusoma kwa walimu haohao.

Hukumu yangu ni hii: unganisheni vyuo, pandisheni hadhi, badilisheni vibao vya getini, lakini msiguse mazoezi ya kufundisha. Mwalimu hutengenezwa siku anaposimama mbele ya watoto hamsini, mkufunzi kakaa dawati la nyuma, chaki inatetemeka mkononi. Siku hiyo haina mbadala.

Nawe msomaji, kama mwalimu wako wa darasa la kwanza bado yu hai, mpigie simu leo. Mpe shikamoo yake, kisha muulize alisomea chuo gani. Weka salio la kutosha.