Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Kindu Inaomba Kuipatanisha Israeli na Palestina

Kindu, Mkoa wa Maniema

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Kinshasa

Nakala: mashehe, mapadre na wachungaji wote wa mji

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, naomba mji wetu uteuliwe kuwa makao ya mazungumzo ya amani kati ya Waisraeli na Wapalestina. Oslo walijaribu, Camp David wakajaribu, lakini hawakuwa na wataalamu kama wetu. Hapa Kindu, mtu asiyejua treni ya Lubumbashi itafika lini anajua bila shaka Mungu yuko upande gani Gaza. Na wewe huna haja ya kumhoji sana. Muulize tu kama anaswali Ijumaa au anasali Jumapili. Akishajibu hilo, amekwisha kujibu na mengine yote: ramani, historia, hata nani amekufa na nani amejifanya amekufa.

Gharama ni ndogo. Katika baadhi ya makanisa ya uamsho bendera ya Israeli tayari inaning'inia karibu na mimbari, na jeshi la Netanyahu linaombewa kana kwamba ni lile la Yoshua na Yeriko bado imesimama. Upande wa pili tunao mabingwa ambao kwao kila Myahudi duniani, awe mwanajeshi au muuza vitabu, amebonyeza kitufe cha bomu kwa mkono wake.

Kinachotukwamisha ni maiti. Hawafuati madhehebu. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walipovamia kusini mwa Israeli na watu wapatao 1,200 wakauawa, miongoni mwao walikuwamo Mabedui, Waislamu safi. Walikuwamo pia vijana wawili wa Kitanzania, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, waliokwenda kujifunza kilimo. Kisha vita iliyofuata ikaua Wapalestina makumi ya maelfu, na mapema kabisa, tarehe 19 Oktoba, shambulio la ndege za Israeli likaangusha jengo katika kiwanja cha kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porfirio, mjini Gaza. Waliofia humo walikuwa Wakristo waliokimbilia kanisani.

Naomba mwongozo wa Wizara. Mchungaji anayeliombea jeshi la Israeli awaweke wapi Wakristo hawa? Na ndugu anayewashangilia Hamas awaweke wapi Mabedui? Kwa sasa tunawaacha nje ya hesabu, maana wanaharibu mahubiri.

Najua Wizara yako ina uzoefu mrefu katika jambo hili. Mobutu alipata mafunzo ya parashuti Israeli mwaka 1963. Mwaka 1973, mbele ya Umoja wa Mataifa, akavunja uhusiano na nchi hiyo, kwa hoja kwamba kati ya rafiki na ndugu yeye anachagua ndugu, yaani Misri. Mwaka 1982 rafiki akarudishwa. Mwaka 1988 Zaire ikaitambua Palestina, na Septemba 2023 Kinshasa ikakubali kuhamishia ubalozi wake Yerusalemu. Wepesi huo wa viungo waumini wetu hawana. Wao wakishachagua, wamechagua hadi kiyama.

Lakini sifa moja ya kweli tunayo. Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19 na misafara ya akina Tippu Tip, Ukristo ukafuata, na leo ukoo mmoja una shehe na una katekista. Msiba ukitokea, sombe inapikwa kwenye sufuria moja. Tunajua pia kubebeshwa lawama isiyo yetu. Kila waasi wa ADF, wanaojiita wapiganaji wa Uislamu, wanapoua, kama walivyofanya kanisani Komanda, Ituri, Julai 2025, kuna Mwislamu anayetazamwa kwa jicho la pembeni kwa damu ambayo hakuimwaga. Hakuna anayekumbuka kwamba Mei 2021 shehe wa Beni aliyehubiri dhidi ya itikadi kali alipigwa risasi akiwa msikitini. Cha kushangaza, Mwislamu huyohuyo aliyelia kwa kuonewa kesho yake anamdai Myahudi wa Paris ajibu kwa mabomu ya Gaza. Na jirani yake Mkristo, ambaye hajaombwa hata siku moja kutubu kwa ajili ya waasi wa M23, ingawa majina ya viongozi wao, Bertrand na Corneille, si ya msikitini, anaona kila mtoto wa Gaza ana deni la Hamas.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujatupa kazi, tupe mtihani. Swali liwe moja: taja kosa moja la upande unaouombea, bila kuweka neno "lakini" baada yake. Wasimamizi wasihofu foleni. Chumba kimoja chenye madawati machache kitatosha.

Na nyinyi mashehe, mapadre na wachungaji mliopata nakala, msingoje Kinshasa ijibu. Mnajua barua zetu husafiri kwa treni. Ijumaa na Jumapili ijayo, kabla ya kuwaombea wafu wenu, waombeeni kwanza wa upande wa pili, kwa sauti, waumini wote wakisikia. Atakayeshindwa aiache Gaza, ahubiri zaka na sadaka, somo ambalo hajawahi kulikosea.

Wako mtiifu,

Mwananchi wa Kindu