Hewa Safi kwa Mkopo

Sijui ni nani aliyewaambia wafanyabiashara wa mji huu kwamba ukiandika "asilia" kwenye paketi, bei lazima ipande. Sabuni ni sabuni. Ichoree jani pembeni, ipe boksi la rangi ya udongo, basi haishikiki. Juzi nilikuwa Mikocheni kwenye duka moja lenye viyoyozi, nikaokota mswaki wa mianzi. Kwa bei yake ungenunua miswaki ya nyumba nzima na chenji ikabaki ya vitumbua. Mimi ni msomaji wa maandishi madogo, nikaugeuza: mpini mianzi, nywele nailoni. Yaani kinachoingia mdomoni ni plastiki ileile, kilichookoa dunia ni pa kushikia. Wakati huohuo, kila Ijumaa nje ya msikiti wetu kuna mzee anauza mswaki wa mti, unautafuna ncha mpaka unakuwa brashi. Hauna nailoni wala boksi. Tatizo lake hauna picha ya jani.

Na mifuko je? Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, niliunga mkono kwa moyo mmoja, maana mitaro ya Dar tunaijua. Ila hii mifuko mbadala laini, yenye mishikio, unayodhani ni kitambaa, mingi ni polipropilini: plastiki iliyovaa kanzu. Kwetu imejaa nyuma ya mlango wa jikoni, mfuko ndani ya mfuko, na ole wako uiguse. "Kesho utabebea nini nyanya?" Kapu la ukili alilotuletea mama mkwe lipo, tena zuri. Limewekwa juu ya kabati la vyombo, ndani yake mmepangwa maua ya plastiki.

Haya ningeyavumilia. Lakini mke wangu yuko kwenye kikoba, na kwenye kikoba kuna dada mmoja anayeuza vitu vya "nyumba yenye afya" kwa mkopo. Unachukua leo, unalipa kidogo kidogo kila Jumamosi. Huyu dada ndiye aliyewaeleza wanakikoba kuwa NASA, walewale waliopeleka watu mwezini, walithibitisha kwamba mimea inasafisha hewa ya ndani.

Utafiti huo upo, wa mwaka 1989. Kasoro ni kwamba mimea ile ilifungiwa kwenye masanduku yasiyopitisha hewa. Mwaka 2019 watafiti wengine huko Marekani walizipitia tafiti za namna hiyo, wakapiga hesabu ya jengo la kawaida ambalo hewa inaingia na kutoka. Wakakuta kwamba ili mimea ifikie kazi ya hiyo hewa inayojipitia yenyewe, unahitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Sebule yetu ina mita 12 za mraba. Kwa hesabu ya chini kabisa ni vyungu 120. Nikamwambia mke wangu kwamba vikiingia vyote, sisi tutahamia nje, na huko nje hewa ipo tayari.

"Baba, wewe kila kitu hesabu," akasema, akaendelea kumwagilia.

Anachomwagilia ni mkonge pori. Kwetu unaota kwenye mawe bila kubembelezwa na mbuzi hawautaki. Hapa mjini umewekwa kwenye chungu cheupe na tunaulipia Jumamosi.

Sasa chini ya kila chungu kuna kisahani, ili sakafu isichafuke. Maji yakatuama humo. Mbu wa dengi, yule mwenye mabaka meupe miguuni anayeuma mchana kweupe, hana makuu, hataki bwawa wala mtaro, kisahani kinamtosha kulea ukoo mzima. Aliyekuwa Dar mwaka 2014 au 2019 hahitaji kusimuliwa dengi. Mke wangu akaona mbu, akawasha dawa ya kuchoma, ile ya duara. Tena anaiwasha usiku, wakati mwenyewe mwenye mabaka kashamaliza zamu yake.

Hiyo dawa nayo nimeisoma. Watafiti waliopima moshi wake waliandika mwaka 2003 kwamba duara moja likiungua mpaka mwisho linaweza kutoa chembechembe laini, zile zinazozama ndani kabisa ya mapafu, sawa na sigara 75 hadi 137. Mimi niliachishwa sigara katika nyumba hii kwa vikao vya wazee wa pande zote mbili. Leo ninavutishwa mapakiti nikiwa usingizini, kisa mmea wa kusafisha hewa! Nikalalamika. Jumamosi iliyofuata ikaja chupa ya mafuta ya mchaichai ya kufukuzia mbu, kwa mkopo. Kumwaga maji ya kisahani hakuuzwi na mtu, kwa hiyo hakuna aliyetushauri.

Tukaja kwenye rangi. Dada wa kikoba alikuwa amewatahadharisha kuhusu risasi kwenye rangi, na hapo nampa haki yake: risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na kiwango cha Afrika Mashariki ni isizidi sehemu 90 kwa milioni. Fundi akaja na kopo, akalifungua mbele yangu, akaniletea puani. "Nusa mwenyewe, bosi. Haina harufu, haina risasi." Nikamweleza kwamba harufu ya rangi inatoka kwenye viyeyusho vyake, risasi yenyewe hainuki. Akanitazama kwa huruma, akachovya brashi.

Kitu kimoja tu kimenishinda kukisema vibaya, nacho ni jiko la presha la umeme. Mei 2024 Rais alizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kwetu nishati hiyo iliwasili kupitia kikoba. Maharage yaliyokuwa yakitokota kwenye mkaa tangu adhuhuri yanaiva hata saa haijaisha, na umeme haufiki uniti moja. Sawa. Lakini sisi tulikuwa kwenye kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukivuka hapo, za juu yake ni 350. Sasa kila ikifika tarehe 20 nakaa mlangoni pa jiko nauliza leo tunapika nini, nami sijawahi kuwa mwanamume wa kuuliza hivyo. Kwenye umeme huohuo wa LUKU, tangu 2021, inakatwa kodi ya jengo, na jengo si langu. Mpangaji ameambiwa akubaliane na mwenye nyumba. Jaribu uone. Halafu wali wa jiko hilo hauna ukoko. Wali hupaliwa moto juu ya mfuniko, ukakauka chini na juu, watoto wakagombania sufuria. Huu wa presha unatoka umelowa na hakuna anayegombania chochote.

Wiki iliyopita baba mwenye nyumba alipita. Akatazama kuta, akapapasa rangi, akaizunguka mimea mikono ikiwa nyuma. "Mmeipendezesha, kijana wangu," akasema. "Nyumba imepata hadhi." Mkataba ukiisha, akasema, tukae tuzungumze upya habari ya kodi, kwa sababu nyumba yenye afya si sawa na nyumba nyingine, na yeye atapenda ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Alipofika mlangoni akarudi hatua moja, akachungulia jikoni.

"Na lile jiko, mkihama mnaliacha?"