Sukari ya Mama na Daftari la Mjomba

Mama alipokutwa na kisukari, nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, iliitisha kikao. Mjomba, kaka yake mkubwa, karani mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, alijichukulia kazi ya daftari: tarehe, saa, namba. Shangazi alikabidhiwa mashine ya kupimia, mdogo wangu akakabidhiwa jiko, mimi nikawa wa kununua dawa. Mama, mwenye ugonjwa wake, hakupewa kazi yoyote. Yeye alitakiwa kunyoosha kidole tu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ametufundisha vizuri. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke. Sindano ipigwe ubavuni mwa kidole, kwa kuwa katikati ya ncha ndiko kunakouma zaidi. Kidole kisikamuliwe kwa nguvu. Stripu iguse tone, na baada ya sekunde chache namba inatokea. Kabla ya kula, alitaka sukari ya Mama iwe kati ya 4 na 7. Ikiteremka chini ya 4, hiyo ni dharura ya papo hapo.

Kisha ukaja msimu wa machungwa. Muheza ni jirani zetu, na machungwa ya huko huingia Tanga kwa magunia. Jioni moja Mama aliketi uani akiwamenyea wajukuu, yeye mwenyewe hata kipande hakuonja. Ilipofika saa ya kupima, Shangazi akampangusa kidole kwa pamba ya spiriti, akachoma. Mashine ikasema 21.4.

Nyumba ikalipuka. Mdogo wangu alikimbia kuita bajaji, Shangazi akawa anamfunga Mama kanga huku analia, na Mjomba alishaanza kuiandika ile namba kwa wino mwekundu. Mama ndiye aliyekuwa ametulia. Alikileta kidole puani, akanusa.

“Kaka, kidole hiki kinanukia chungwa.”

Akaenda bombani, akanawa kwa sabuni, akajifuta kwa upande mkavu wa kanga, akanyoosha mkono wa pili. 8.3. Bajaji ikarudishwa na nauli yake. Stripu hunyonya damu kidogo mno, kwa hiyo utomvu kidogo tu wa tunda uliobaki kwenye ngozi unatosha kuiharibu hesabu yote, na spiriti peke yake haiuondoi. Lau angekuwa mtu wa kutumia insulini, na mtu akamchoma dozi kwa kuiamini ile 21.4, tungemwangusha kwa mikono yetu.

Habari za mashine zikaenea mtaani. Kila baada ya alasiri kulikuwa na mtu barazani: “Nipime na mimi, mwanangu, macho yananiwia mazito.” Shangazi ana huruma, hakumkatalia mtu. Chupa ya stripu 50, iliyokusudiwa kumvusha Mama mwezi na zaidi, iliisha kabla mwezi haujafika nusu. Nyingine ilisahauliwa wazi karibu na jiko, na kwa unyevu wa Tanga ikawa haina kazi tena. Hayo ni ya fedha, yanalipika. Lililonitia hofu ni ile kalamu ya kuchomea kupita kidole hadi kidole. Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu ndogo mno, na hata ukibadilisha sindano, kalamu yenyewe inaweza kubaki na damu. Kalamu ya mtu ni ya mtu mmoja. Mama alilimaliza mwenyewe, tena bila kumuudhi mtu: kila aliyekuja aliambiwa siku za kliniki na saa ya kuwahi foleni, na majirani wawili walikwenda naye.

Lakini kisa kikubwa kilikuwa cha daftari.

Kila baada ya isha Mjomba alivaa miwani akasoma namba za siku mbele ya wote. Ikiwa ndogo, alisifiwa Shangazi kwa kupima na mdogo wangu kwa mapishi. Ikiwa kubwa, alihojiwa Mama. “Asubuhi 11! Nani kakupa kitumbua usiku?” Naye hakuwa amekula kitu. Kuelekea alfajiri mwili huandaa kuamka, ini likamwaga sukari kwenye damu, na kwa mwenye kisukari huweza kupanda hata kwa tumbo tupu. Homa huipandisha, usingizi mbaya huipandisha. Mama hakujua kuyaeleza hayo, na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje.

Baadaye akasema atajipima mwenyewe, asitusumbue. Tukafurahi. Namba nazo zikapendeza: 6.1, 6.4, 5.9. Mjomba aliziandika kwa madaha, na siku ya kliniki alilibeba daftari kwapani kama cheti cha mtoto aliyefaulu.

Daktari alilifungua, akatazama majibu ya maabara, akalifunga. Kile kipimo kinachoitwa HbA1c hutazama sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, hueleza hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Cha Mama kilikuwa asilimia 10.1, maana yake wastani wa sukari kama 13.5. Daktari akaomba mashine, akabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Za siku alizojipima mwenyewe zilikuwemo namba chache tu, na zote zilikuwa 12, 14, 15. Akatuomba tutoke nje, abaki na Mama.

“Nilichoka kuhukumiwa, mwanangu,” aliniambia njiani. “Kidole kinauma, halafu maneno nayo yanauma.”

Husemwa sana kwamba wagonjwa wa sukari ni wakaidi na waongo. Sikubali. Mama alipika namba kwa sababu nyumbani namba ya kweli ilikuwa na adhabu, na kwa uongo ule mdogo, wa kutafuta amani tu, macho yake na figo zake zingeendelea kuumia huku sisi tukishangilia. Nilimwambia Mjomba hivyo, kwa heshima zote. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alimkabidhi Mama daftari na kalamu, na usomaji wa baada ya isha ukaisha.

Siku ile ya kliniki Mama alikuwa ameongezewa vidonge vya kushusha sukari, glibenklamidi. Usiku mmoja alimgongea Mjomba mlango, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, mashine iko mkononi: 3.4.

Mjomba hakuuliza alikula nini wala hakula nini. Alikoroga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, akamshikia kikombe, akaketi naye kitandani dakika 15, wakapima tena. 4.8. Hapo akampa uji, na Mama akaandika namba zote mbili kwa mkono wake, herufi zikiwa bado zinayumba. Asubuhi tulimwahisha kliniki. Daktari alisoma 3.4 kwenye daftari, akaikuta ndani ya mashine kwa saa ileile, akapunguza vidonge.