Ligi ya Vituko vya Uzazi: Mimea Dhidi ya Wanyama

Tunahesabu kushuka kutoka 6 hadi 1. Kigezo ni vituko tu. Mwamuzi ni mimi, nimeshaegemea upande wa mimea, na VAR hakuna.

6. Mpapai
Wanyama mnaringia dume na jike? Mpapai unao wote wawili, na juu yake kuna wa tatu wenye jinsia zote mbili ndani ya ua moja. Mkulima aliyepanda mbegu anamwagilia, anaweka samadi, anasubiri miezi, kisha anachungulia maua na kugundua amelea dume. Hukumu: tapeli mwenye majani mazuri.

5. Mgomba
Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mgomba unatoa machipukizi ubavuni, nakala tupu za mama yao. Hakuna mahari, hakuna mawifi. Ila ugonjwa ukiupata mmoja umeipata yote: waulize waliokuwa wakiuza ndizi aina ya Gros Michel kabla mnyauko wa Panama haujawafungia biashara.

4. Nyuki dume
Huyu hana baba. Anatoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana mama, ana babu na bibi wa upande wa mama, basi. Akibahatika kumpanda malkia angani, anakufa papo hapo. Wanyama, hapa mna hoja, nakubali. Lakini bwana harusi asiyeiona hata fungate hawezi kupita nafasi ya nne.

3. Vanila
Mmea hauwezi kwenda kuposa, hivyo hutuma mshenga. Mbuyu hufungua maua usiku ili popo apite. Vanila ulipotolewa Mexico na kuletwa visiwa vya Bahari ya Hindi, mshenga wake alibaki kwao, ukawa unachanua tu bila kuzaa. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond, baadaye Edmond Albius, akachukua kijiti, akainua kile kiwambo kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua, akazikutanisha sehemu hizo kwa kidole gumba. Mpaka leo, Madagaska, Uganda, hata Kagera, watu wanafanya hivyohivyo, ua kwa ua, mapema, maana ua hufunga siku hiyohiyo. Mmea umemwajiri binadamu kazi ya nyuki, na analipia miche mwenyewe!

2. Mbung'o
Mbu hutaga rundo la mayai na kwenda zake. Mbung'o anabeba funza mmoja tu kwa wakati, anamlisha maziwa humohumo tumboni, kisha anamzaa akiwa na uzito unaokaribia wake mwenyewe. Tembo na miezi yake 22 ya mimba anyamaze kidogo. Hukumu: mama bora, jirani mbaya.

1. Mkoko
Mbegu za miti mingine huanguka kwanza, kuota baadaye. Mkoko unaiotesha yake ikiwa bado tawini. Mche unanyonya kwa mama miezi kadhaa, unarefuka hata kufika nusu mita, ndipo unaachiwa: uchome tope palepale, au uelee na maji ukatafute pwani nyingine. Kumbe wahenga waliposema ndio kwanza mkoko unaalika maua, walikuwa wanatuandaa kwa huyo mtoto.

Mashabiki wa tembo, foleni ya malalamiko inaanzia kulia. Wa fisi, najua mnachotaka kusema. Subirini watoto walale.