Samahani, Njaa Ilitangulia

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Popote ulipo, maana najua uko safarini.

Kupitia kwa: Chifu, naibu wake, mzee wa kijiji, na yeyote atakayeifungua kabla yako.

MINT: KUOMBA RADHI KWA NJAA KUFIKA KABLA YA MGENI

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka huku Ganze, Kilifi ya bara, ambako tu wazima isipokuwa matumbo. Nimetumwa kukuomba radhi. Siku ile ulipokuja kutugawia mahindi tulikuaibisha. Tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi, nawe, kwa wingi wa shughuli za taifa, ukaingia saa tisa alasiri. Kina mama walikuwa wameanza kuimba tangu saa nne, kwa hiyo wimbo wako wa mapokezi ulitoka kama kikohozi. Usije ukadhani ni siasa za upinzani. Ilikuwa kiu.

Si kwamba maji hayakuwepo. Yalikuja na msafara wako, katoni juu ya katoni, yakapangwa mezani chini ya hema. Hotuba zilipokwisha watoto waligombania chupa tupu, na hadi leo ndizo wanazobebea maji shuleni. Huo nao ni msaada, ingawa sikuusikia ukitajwa kwenye redio.

Mahindi yenyewe yalikuwa yametangulia wiki mbili. Yalilala kwenye stoo pale kwa chifu, kufuli mlangoni, yakikusubiri. Tulikuwa tukipita kila jioni kuyajulia hali. Mzee mmoja aliuliza kwa nini yasigawiwe tu, akajibiwa kwamba hayajazinduliwa. Tukanyamaza. Mtu hawezi kula kitu ambacho hakijazinduliwa.

Kisha ile picha. Mama uliyemkabidhi gunia alirudia kulipokea mara tatu kwa sababu mpiga picha alisema umefumba macho. Ilipotoka ilipendeza: wewe unatabasamu, yeye analia, na watu wakasema ni machozi ya furaha. Ambacho hakikuonekana ni kwamba vumbi la gari lako lilipotulia tu, gunia lile lilifunguliwa likapimwa kwa gorogoro, watu tisa tukagawana. Ndiyo hesabu ya orodha. Orodha yenyewe ilikuwa na marehemu wawili, Mungu awarehemu, na kijana mmoja aliyehamia Mombasa zamani. Wote watatu walichukua chao.

Nami nilipata fungu langu, ahsante. Kusaga kunataka pesa, basi nikauza sehemu ya mahindi ili nipate ya kusagia yaliyobaki. Watoto wangu wanaosoma hisabati walifurahi kuliona fumbo hilo likitokea mbele ya macho yao.

Sasa turudi kwenye radhi. Kosa letu kubwa, Mheshimiwa, ni kwamba njaa yetu haina adabu ya kungoja ratiba. Mlikuwa mmeipangia. Katika mipango ya Ruwaza ya 2030 iliandikwa kwamba ifikapo 2022 ukame hautageuka tena dharura katika nchi hii. Tuliupenda mwaka huo kabla haujafika. Kumbe mvua hazikuwa zimesoma. Vuli ya 2020 ikatupita. Masika ya 2021 yakaja kama mgeni anayechungulia mlangoni akaondoka. Septemba ya mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Vuli ikakosa tena, masika yakakosa, na vuli ya 2022 nayo ikakosa. Misimu mitano mfululizo. Mwaka uliotengwa wa kuzikomesha dharura ukaisha huku watu zaidi ya milioni 4 katika kaunti kame na nusu kame wakihitaji chakula cha msaada. Tarehe ilitimia, ila upande wa pili.

Nisingethubutu kusema kwamba hamkuambiwa. Kila mwezi hutolewa taarifa ya ukame, kaunti kwa kaunti, inayoeleza mvua, malisho, bei ya mbuzi na ya mahindi, umbali wa kuteka maji, hata unene wa mikono ya watoto. Mbaya zaidi, inapanda kwa ngazi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Huku kijijini tunaamini kwamba kwenye tahadhari mnaisoma, kwenye hatari mnaiundia kamati, na kwenye dharura ndipo mnaagiza fulana.

Lakini ngazi ya tahadhari, Mheshimiwa, ndipo mimi bado nina mbuzi. Nikisaidiwa hapo, sitamuuza. Nikingoja dharura, nitampeleka mnadani Bamba siku ambayo kila jirani kampeleka wake, wote mbavu nje, na mnunuzi anajua sina pa kumrudisha. Siku hiyo mbuzi anashuka bei na mahindi yanapanda, wakipishana njiani bila hata kusalimiana. Nikishauza mbuzi, nakula mbegu. Nikishakula mbegu, ndipo lori lako linapowasili, na wakati mwingine huwasili pamoja na mvua yenyewe. Mvua iliporudi 2023 nilikuwa na shamba lililolainika, jembe, na fulana yenye picha yako. Mbegu sikuwa nayo. Vuli ya mwaka huo ikaleta mafuriko ya El Nino, nikaambiwa nijiandikishe upya kwa sababu orodha ya ukame haitumiki kwa mafuriko.

Nasikia Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit kuna mpango wa pesa, shilingi 2,700 kwa mwezi kwa kaya, na pesa zenyewe huingia kwenye akaunti ya mtu. Huzuni ilioje! Hakuna hema, hakuna wimbo, hakuna wa kupigwa naye picha. Mama anatoa pesa zake, ananunua anachojua kinakosekana nyumbani, anarudi zake bila kumshukuru mtu. Nakuomba utuepushie balaa hilo. Tukilizoea tutaanza kusoma Katiba, Ibara ya 43, pale panaposema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na tukishaisoma ni vigumu kutuimbisha tena.

Ombi langu basi ni dogo. Ukame ujao utakapokuwa njiani, tafadhali tutumie kalenda yako mapema, tuone kama njaa inaweza kusogezwa. Ikishindikana, azindue naibu wako. Ikishindikana kabisa, chifu apewe ufunguo.

Liko na jingine, naona haya kulisema. Yule beberu tuliyekuzawadia siku ile tulimchukua kwa mkopo. Tusingeweza kukuacha uondoke mikono mitupu, mgeni ni mgeni hata akichelewa. Mwenyewe anadai, na tunaendelea kumchangia kidogo kidogo, hilo lisikusumbue. Beberu hatumtaki tena. Ila ile kamba aliyofungwa shingoni, kama bado iko kwenye gari, tunaomba uirudishe. Ndiyo tunayotekea maji kisimani.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mahindi na kunde, Ganze