Nyuma ya Kadi
Septemba 2022 nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja mjini Leeds. Vyombo sikuviogopa, kwa mama nimesugua masufuria ya pilau ya harusi tatu. Kilichonishinda ni swali la dada wa mishahara: “Namba yako ya bima ya taifa?”

Nikampigia mama. Kusikia bima tu, akafurahi. “Basi nenda ukang'oe lile jino, mwanangu!” Nikamweleza kwamba bima ya Waingereza haina habari na jino langu. Ni makato ya mshahara, ya pensheni na mambo kama hayo. Namba ya hospitali ni nyingine kabisa.

Usiku nikaingia kwenye tovuti ya serikali, nikaikuta namba imekaa inanisubiri: QQ 12 34 56 C. Nikastaajabia kasi ya nchi za watu, nikamtumia dada. Akanijibu kwa upole wa kutisha kwamba ule ni mfano tu, na hakuna mtu Uingereza mwenye namba inayoanza na Q. Jikoni nikabatizwa Kyukyu.

Nikaomba namba ya kweli. Kazi sikuacha, maana sheria inakuruhusu kuanza bila namba mradi kibali kinakuruhusu kufanya kazi. Kila asubuhi nikawa namvizia mtu wa posta kama ninayemdai. Akaniletea matangazo ya piza.

Siku moja nikajifungia nje ya chumba. Nikachomoa kadi yangu ya ukaazi nichokonolee kitasa. Kadi ile sikuwa naitazama sana. Picha yake ina uso wa mwizi wa kuku. Basi naipenyeza mlangoni, naona mgongoni mwake herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja. Namba yangu, muda wote nilikuwa naikalia!

Mshahara ulipotoka, nikakimbilia mstari wa bima kwenye karatasi ya mshahara: 0.00. Kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi, wakati wa masomo sikuruhusiwa kuzidi saa 20 kwa wiki. Kwa pauni 9.50 kila saa, hiyo ni 190, na makato yalianzia 242. Dada akanifariji: ukivuka 123, wiki yako inahesabiwa kwenye pensheni hata usipokatwa senti. Bado tu nitimize miaka 10 ya wiki kama hizo.

Nikampigia mama tena.

“Pensheni!” akasema. “Haya. Na jino?”